Injini Iliyozimikia Penye Mawe

Boti haikumfikia fundi cherehani kwa kununua wala kwa kuomba. Ilimfikia kwa msiba, kama koti la marehemu linavyomfikia mtu, na kama koti la marehemu, ilimpwaya.

"Wifi, ichukue," mke wa kaka yake alimwambia siku waombolezaji wa mwisho walipoondoka. Alikuwa amesimama dirishani, mtoto begani, anatazama gati. "Ukitaka kuiuza, iuze. Ukitaka kuipasua kuni, pasua. Mimi nimechoka kuiona inanichungulia."

Mnunuzi hakupatikana. Nani anunue boti iliyorudi bila mwenyewe? Waliokwenda kuitafuta walisimulia kwamba waliikuta imekwama kwenye matete, haina hata mkwaruzo, injini imevuliwa kifuniko, spana ya plagi iko sakafuni, na tenki lina petroli zaidi ya nusu. Mwenyewe alipatikana baadaye penye mawe mawili, pale ziwa linapojibana kabla ya kufunguka kuelekea ng'ambo. Upepo ulikuwa umeamka ghafla asubuhi ile. Kila mtu alielewa kwamba injini ilizimika, akainama kuitengeneza, wimbi likamrusha. Kilichokosa jibu ni kwa nini injini ile, aliyoishi nayo miaka yote, izimike siku ile na mahali pale.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, alikuwa na sababu mbili za kubaki na boti. Ya kwanza aliitangaza: shule ya ng'ambo ilikuwa imempa kazi ya kushona sare, na kuzipeleka kwa gari kwa kuzunguka ziwa ilikuwa safari ya kutwa nzima. Ya pili hakumwambia mtu. Alitaka kujua. Cherehani ikikata uzi, alijiambia, haikati kwa uchawi. Kuna mahali uzi unakwaruza, na mwenye subira hupaona.

Lakini injini si cherehani. Ilikuwa kuukuu, rangi imebambuka, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliyoyajua kuihusu ni yale aliyoyaona akiwa abiria wa kaka yake: unachomeka bomba la mafuta, unakamua lile tufe la mpira lililo katikati ya bomba mpaka liwe gumu, unavuta kamba, na ikigoma unaitukana kidogo. Tenki lilikuwa la bati, la kubebeka, lenye mfuniko wa kuzungusha. Halikulala ndani ya boti. Wezi wa petroli walikuwa wamezuka pale gatini, na nyumba ya wifi yake ilikuwa karibu na maji kuliko chumba chake cha kushonea kilichokuwa juu mlimani. Kwa hiyo kila alipotoka majini alilibeba mpaka kwenye korido ya wifi, kama kaka yake alivyoamua kufanya wezi walipoanza.

Safari ya kwanza alitoka asubuhi yenye ukungu mwepesi, marobota mawili ya sare yamefunikwa turubai, jaketi la kuokolea limemfika magotini. Injini iliwaka kwa mvuto wa tatu. Akacheka peke yake. "Kumbe nawe unajua mgeni," aliiambia.

Iliimba vizuri mpaka mawe mawili yalipoanza kuonekana. Hapo sauti ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayekohoa huku anataka kuongea. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Kimya kilichofuata kilimwingia mpaka kwenye meno. Maji yalikuwa yakigonga ubavu wa boti polepole, na mawe yalisimama mbele yake, meusi, yamelowa. Alivuta kamba. Alivuta tena. Akajikumbusha kuwa jambo la kwanza ni mafuta, basi akaushika mfuniko wa tenki na kuuzungusha, macho yake yakiwa bado kwenye mawe.

Ndipo alipoisikia. Pumzi. Mtu alivuta pumzi ndefu, karibu naye kabisa, kama anayezinduka.

Aligeuka nusura aanguke. Hapakuwa na mtu. Ndani ya tenki petroli ilijaa tele. Akaufunga mfuniko, akakaa sakafuni kati ya marobota.

"Kaka," alisema hatimaye. Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Ni mimi. Napeleka sare za watoto tu. Niache nipite."

Alikamua tufe la mpira, ambalo lilikuwa limenywea kama shavu la mgonjwa, mpaka likajaa. Akavuta kamba. Injini ikawaka kama isiyo na kosa.

Safari ya pili ikawa vilevile. Mawe, kikohozi, kimya, ile pumzi, na baada ya kumwomba kaka yake, injini ikawaka. Ya tatu alinunua plagi mpya na kuzifunga mwenyewe, kucha zikimvunjika. Ikazimika penye mawe. Alibadilisha chujio la mafuta. Ikazimika penye mawe. Alimwaga petroli yote, akalisuza tenki, akaweka mpya, akiamini labda maji yameingia. Ikazimika pale pale.

Midomo haina pazia. Mpakiaji wa gatini alimwona akirudi siku moja, uso umemsawajika, akamuuliza kulikoni, na Sindano akafanya kosa la kumweleza. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na lake la kusema. Wengine walisema marehemu anataka kitu. Wengine walisema hajajua kuwa amekufa, bado anatengeneza plagi. Muuza mkaa, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema boti ile ilipaswa kuzikwa na mwenyewe.

Sindano aliipakia injini kwenye toroli, akaisukuma hadi karakana ya fundi mashine. Huyo alikuwa mtu wa tumbo kubwa na kicheko cha karibu, aliyewahi kuihudumia injini hiyo mara kadhaa. Aliitundika kwenye pipa la maji, akachomeka galoni lake la mafuta, akaiwasha. Ilinguruma mpaka wateja wengine wakalalamika.

"Dada, injini yako nzima," alimwambia aliporudi kuichukua. "Nimeizima mimi mwenyewe kwa kuihurumia petroli yangu. Kama kuna mgonjwa hapa, si huyu."

"Unataka kusema mgonjwa ni mimi?"

"Nataka kusema una huzuni." Aliacha kucheka. "Kaka yako alikuwa rafiki yangu. Hata mimi kuna siku nasikia mtu anaita nje nadhani ni yeye amekuja kukopa spana. Iuze vyuma chakavu, dada. Utapumzika."

Hakuiuza. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Sindano aliacha kuogopa.

Sare za shule ziliisha, lakini aliendelea kutoka. Alifunga cherehani asubuhi, wateja wakikuta kufuli, akaenda penye mawe. Injini ilipokohoa, moyo wake haukushtuka tena, uliruka kama wa mtu aliyesikia hodi aliyoingoja. Alifungua tenki, akaisikia ile pumzi, akaanza kuongea. Alimweleza kaka yake kwamba mama yao sasa anatembelea fimbo na anaichukia. Kwamba mtoto amejifunza kusema "hapana" na halijui neno jingine. Alimlaumu kwa kuondoka bila kula asubuhi ile. Akimaliza alikuwa mwepesi. Alikamua tufe, akavuta kamba, akarudi.

"Wifi, unaongea na nani kule?" mke wa kaka yake alimuuliza siku moja alipokuwa akiliweka tenki koridoni. "Watu wanasema wanakuona midomo inacheza."

"Watu hawana kazi."

"Mimi nina kazi, na nakuuliza." Alisogea karibu. Macho yake yalikuwa na weusi chini, wa mtu asiyelala. "Ananitaja?"

Wivu ambao Sindano aliuona kwenye uso ule ulimkata kuliko kisu. Alikuwa amejipatia marehemu peke yake, akamwacha mke wake akihesabu nyufa za dari.

"Hasemi kitu, wifi," alisema. "Anapumua tu."

Mke wa kaka yake aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo lilikuwa jibu la kawaida. Kisha mtoto akatambaa kutoka chumbani kuelekea kwenye tenki, na mama yake akainama haraka kumwondoa. Na alipokuwa ameinama, mtoto kwapani, mkono wake wa kulia ulikwenda juu ya mfuniko wa tenki. Hapo juu palikuwa na skrubu ndogo ya shaba, kama kishikio cha droo. Vidole viwili viliizungusha, kidogo, mpaka ikakaza. Hata hakuitazama. Ulikuwa mkono wa mtu anayefunga bomba la maji linalodondosha.

"Unafanya nini?" Sindano aliuliza.

"Nini? Haka kadude?" Alijinyoosha. "Napunguza harufu. Hukuwahi kuona? Korido hii haina dirisha. Usiku wa kwanza alipolileta humu ndani mtoto alitapika, kichwa kikanigonga mpaka nikadhani kitapasuka. Yeye kalala, anakoroma. Nikaamka nikalikagua, nikaona ukikaza hapa harufu inakatika. Tangu hapo sijawahi kukaacha."

"Usiku wa kwanza."

"Na ndio ukawa wa mwisho. Kesho yake ndiyo alitoka akaenda." Alimfuta mtoto kamasi. "Mbona umekuwa hivyo? Kaa, nikuletee maji."

Sindano alisema amechelewa. Alipanda mlima hadi chumbani kwake, akajifungia, akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa. Hakujua injini, lakini alijua chupa. Utotoni yeye na kaka yake walikuwa wakinyonya chupa tupu mpaka inashika mdomo, na soda haitoki kwenye chupa iliyozibwa na mdomo mzima. Lazima hewa ipate pa kupita. Aliliona tufe la mpira lilivyonywea. Akakumbuka karakana, na galoni la mafuta ambalo halikuwa lake. Akakumbuka ni wakati gani hasa alioisikia pumzi: kila mara mkono wake ulipokuwa kwenye mfuniko.

Asubuhi alilichukua tenki. Aliilegeza ile skrubu akiwa gatini, kabla ya kuwasha, akaelekea penye mawe.

Mawe yalikuja. Injini haikukohoa. Yakafika ubavuni, yakapita, yakawa nyuma, na maji mapana ya ng'ambo yakafunguka mbele yake kama mlango wa nyumba ya watu. Sindano alijikuta anaigeuza boti. Alirudi mpaka katikati ya mawe akaizima injini kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaka."

Maji yaligonga ubavu.

"Kaka, nimekuja."

Aliufungua mfuniko wa tenki. Haukutoa sauti yoyote. Akaufunga, akaukaza, akaikaza na skrubu, akawasha na kuzunguka mbele ya mawe akisubiri, na baada ya muda injini ikakohoa na kufa. Akaufungua mfuniko, na pumzi ikavutwa, ndefu, ya kuzinduka. Ilikuwa hewa inaingia kwenye bati.

Alilia pale kuliko alivyolia siku ya maziko. Kwenye msiba alikuwa amempoteza kaka yake mara moja. Sasa alikuwa amempoteza tena, na safari hii hakukuwa hata na watu wa kumshika mkono. Na chini ya kilio hicho kulikuwa na jambo jingine, baridi, ambalo hakutaka kulitazama: kaka yake ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuigusa skrubu ile, kwa sababu daima ilikuwa wazi, ametoka asubuhi na mapema hajui kuwa imekazwa. Injini imezimika. Amedhani ni plagi, maana injini kuukuu huanza kuugua hapo. Ameinama. Upepo umeamka. Mafuta yapo, injini nzima, na kinachomuua ni vidole viwili vya mke aliyekuwa anamlinda mwanawe na harufu.

Alimaliza siku hiyo bila kurudisha tenki koridoni. Alilipandisha mlimani, likalala naye chumbani, kati ya vitambaa. Kichwa kilimuuma usiku kucha, skrubu akaiacha wazi.

Wifi yake alikuja kesho yake, mtoto mgongoni, anahema kwa mlima.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini umelihamisha tenki? Watu wataniuliza. Nitasema nini, kwamba wifi yangu haniamini hata na galoni la petroli?"

"Nimeugundua ugonjwa wa injini," Sindano alisema. Alikuwa ametayarisha maneno. "Uchafu ulikuwa kwenye bomba. Nimeutoa. Haizimiki tena."

Mke wa kaka yake alimkaza mtoto mgongoni. "Haizimiki tena," alirudia. Kisha akasema, "Basi nipeleke. Sijawahi kupaona. Kila mtu amepaona isipokuwa mimi."

Hakuna namna ya kumnyima mjane ombi kama hilo. Mtoto aliachwa kwa jirani. Walitoka mchana, ziwa limetulia, jua limeenea kila mahali. Sindano alikuwa ameikaza skrubu ili petroli isimwagike akishuka mlima, akapanga kuilegeza kabla wifi hajapanda, lakini alisahau kwa kuhangaika na jaketi lake la kuokolea, na alikumbuka wakiwa tayari wameketi, tenki katikati ya miguu yao. Hakukuwa na njia nyingine. Alinyoosha mkono, akaizungusha.

Wifi yake aliutazama mkono ule. Alisubiri injini iwake na gati liwe dogo nyuma yao.

"Hako kadude," alisema kwa sauti ya kushinda injini, "kumbe huwa kanafunguliwa?"

"Ndiyo."

"Ka kazi gani?"

Sindano alitazama mbele. "Ka kupitisha hewa."

"Kasipofunguliwa?"

Mtu anaweza kusingizia kelele. Anaweza kusema hajasikia. Mawe mawili yalikuwa yameanza kuonekana, na Sindano aliona kwamba vidole vya wifi yake, vya mkono wa kulia, vilikuwa vimejikunja juu ya paja, viwili vimebanana, kama vinavyoshika kitu kidogo.

"Injini huzimika," alisema.

Walifika penye mawe. Sindano alipunguza mwendo. Mke wa kaka yake hakuyatazama mawe aliyokuja kuyaona. Alikuwa akilitazama tenki, na uso wake ulikuwa ukitoka rangi taratibu.

"Ile asubuhi," alianza.

"Kalikuwa wazi," Sindano alisema.

"Nini?"

"Boti ilipopatikana, nilikaona kwa macho yangu. Kalikuwa wazi kabisa. Alikuwa amekafungua mwenyewe. Alikuwa anajua boti yake, wifi. Kilichomzimia ni ule uchafu kwenye bomba, na upepo. Basi."

Wifi yake alimtazama usoni kwa muda mrefu. "Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Alipumua. Kisha aligeuka, akayatazama mawe, akatoa kilemba chake kichwani, akafunika uso, akalia kwa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwenye msiba. Sindano alimwacha alie. Boti ilizunguka pale, polepole, injini ikiendelea kuwaka.

Baada ya siku ile mambo yalikaa sawa kwa nje. Kazi ya sare iliongezeka, na mke wa kaka yake akaanza kupanda mlima kila mchana kumsaidia kushona vifungo. Weusi chini ya macho yake ulipungua. Mtaa ulipata habari nyingine ya kuzungumza. Fundi mashine alipoambiwa kwamba ulikuwa uchafu kwenye bomba, alitikisa kichwa akasema ajabu, bomba lile alilibadilisha yeye mwenyewe, lakini hakufuatilia.

Aliyekosa usingizi sasa alikuwa Sindano. Aliona vidole vile viwili kila alipofumba macho. Aliviona vikichuja chai, vikimfunga mtoto nguo, vikishika sindano. Hakuwa na hasira; angefurahi kama angekuwa nayo. Kilichomsumbua ni kwamba alikula kiapo, na kila wifi yake alipocheka, alisikia kiapo kikicheka naye.

Mchana mmoja walikuwa peke yao, mvua inapiga bati, mtoto amelala juu ya mabaki ya vitambaa. Mke wa kaka yake alimaliza kifungo, akakata uzi kwa meno, akaliweka shati juu ya magoti na kulilainisha.

"Wifi," alisema bila kuinua kichwa. "Siku boti ilipopatikana, wewe hukuwepo ufukweni. Ulikuwa umekwenda kwa mama, kumwandaa. Mimi ndiye niliyekuwepo. Walipolitoa tenki, ni mimi niliyelipokea."

Mguu wa Sindano ulisimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Sikuwa najua ni nini, ndiyo maana sikusema," wifi yake aliendelea. "Lakini nakumbuka nilivyolishika. Halikuwa na harufu."

Mvua iliongezeka. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Tangu lini umejua?" Sindano aliuliza.

"Tangu ulipoapa. Wewe huapi, wifi. Hata ukiibiwa huapi." Alichukua shati jingine kwenye rundo, akachagua kifungo, akakipima kwenye tundu. Mikono yake ilikuwa imetulia. "Huyu hapa," alisema, akimwonyesha mtoto kwa kidevu, "ipo siku atauliza. Atakuuliza wewe, kwa sababu mimi nitashindwa. Mwambie vilevile ulivyoniambia. Mwambie kalikuwa wazi."

"Nitamwambia."

"Apa."

Sindano aliapa. Wifi yake akatunga uzi kwenye tundu la sindano, na wakaendelea kushona.